Sauti ya Hanna kwenye Diski ya Mtumba

Eliamini alikuwa na masikio mazuri na mdomo mbovu, na vyote viwili alivirithi kwa mama yake. Mama huyo, Hanna, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya usharika wao, kule juu Meru kwenye migomba na kahawa. Mchungaji akirefusha mahubiri, Hanna alikuwa anakohoa mara moja tu, na amina inapatikana.

Kijana alishuka mjini kusomea stashahada ya umeme, akaiacha katikati pale ada ilipopanda na bei ya kahawa iliposhuka msimu uleule. Wakubwa walisema hilo ndilo soko huria. Basi na yeye akawa huria, akaingia ubia na Shamsudin, kijana wa Levolosi aliyeachiwa na baba yake chumba cha nyuma ya duka la redio. Kuta walizibandika trei za mayai kuzuia mwangwi, mlangoni wakaandika STUDIO.

Zilikuwa zama ambazo kila kilichochoka Ulaya kilikuja kupumzikia Arusha: magari, suruali, friji, mwishowe kompyuta. Ya kwao ilikuja na diski kubwa yenye kelele za mashine ya kusaga, inayoongozwa na kadi yake ya pekee. Wakaiwekea mfumo endeshi wa bure, ule ambao maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote. Shamsudin aliupenda kwa kuwa ni bure. Eliamini aliupenda kwa kuwa uko wazi.

Kazi ilikwenda hivi. Kwaya inarekodiwa kwenye tepu, tepu inahamishiwa kwenye kompyuta, kompyuta ikisema tayari, tepu inarudi kwenye boksi kungojea kwaya nyingine. Tepu nzuri zilikuwa adimu, hazikai bure. Kusikiliza tena kama kweli wimbo umeingia salama? Nani ana muda, na kwaya ya pili imeshajipanga barazani inapasha sauti?

Kisha koo la Hanna likaota uvimbe, na madaktari wakasema kisanduku cha sauti lazima kitolewe, la sivyo atoke yeye mzima. Kabla ya kwenda kulazwa akateremka studio, kitenge kipya, kandambili mkononi na viatu vya kanisani mguuni.

"Shikamoo mama," Shamsudin alimpokea.

"Marahaba mwanangu. Haya mayai yote mlikula wawili tu?"

Aliimba wimbo mmoja. Aliutunga mwenyewe alipomzika mumewe, haukuwahi kuandikwa popote, na hakuna aliyeujua wote isipokuwa yeye. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza, lakini ilipanda palipotakiwa kupanda. Eliamini aliuhamishia kwenye kompyuta palepale, sambamba na nyimbo za kwaya ya Dismasi kutoka Ngaramtoni, maana Dismasi alikuwa mlangoni anang'ang'ania kaseti zake. Kompyuta ikasema tayari. Tepu ikarudi kwenye boksi. Kabla jua halijazama, vijana wa Elerai walikuwa wameshaimba juu yake.

Hanna alirudi kutoka hospitali na kibomba shingoni na bila sauti. Ndipo Eliamini alipoufungua ule wimbo. Ulianza vizuri, kisha ukapasuka: mkwaruzo, mlio, mkwaruzo. Akaurudia. Safari hii mkwaruzo ukatokea mahali pengine. Akaurudia tena, kompyuta nzima ikaganda.

"Umekufa huo," Shamsudin alisema kwa upole. "Tumwambie mama tu, kaka."

"Ungekuwa umekufa, ungeoza mahali pamoja. Huu unahamahama. Maana yake kwenye diski uko mzima, unaharibiwa njiani wakati wa kusomwa."

"Au uliharibiwa wakati wa kuandikwa pia."

"Shamsu, nani kakuuliza?"

Akapanda Meru akamwambia mama yake: wimbo upo, kinachoukwamisha ni njia. Hanna alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye uji wake. Tangu siku hiyo kila alipomwona mwanawe anakuja na vumbi lake la mjini, aligusa sikio. Yaani: tayari?

Haikuwa tayari. Eliamini aliyachapisha maandishi ya draiva, ile programu ya ndani inayozungumza na kadi ya diski, akawa anayasoma mezani huku chai inapoa.

"Mbona hata Zaburi hujawahi kuzisoma hivyo?" mkewe Angel alimuuliza.

"Zaburi hazina hitilafu."

Alikwenda kwenye kibanda cha intaneti mjini kuwauliza mafundi wa nje wanaoutunza ule mfumo. Walimjibu kwamba diski imechoka, anunue nyingine. Akawaandikia: na mama naye ninunue mwingine? Hapo hawakujibu.

Alichokifahamu ni hiki. Draiva inaazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inaiambia kadi, "Mzigo ulete hapa." Diski ikichelewa, na ile ilikuwa imezeeka, draiva inakata tamaa, inarudisha nafasi. Baada ya hapo kila kitu kilionekana sawa karatasini, na kila kitu kiliharibika studio. Kati ya kurudisha na kuharibika palikuwa na jambo asiloliona.

Aliliona kwenye mnada wa mavuno, nje ya kanisa, baada ya ibada. Kule mtu hununua kitu, na akitaka kumtolea Mungu zaidi, au kuonwa na majirani, anakirudisha kiuzwe upya. Mzee Thomasi alinunua mkungu wa ndizi uliokuwa mwisho wa benchi, akamtuma mtu kwa mkewe, Skolastika, aliyekuwa upande wa akina mama: njoo ubebe kilichopo mwisho wa benchi. Mara jirani yake akarudisha kondoo mzima. Thomasi naye akapandwa na utakatifu.

"Narudisha! Uuzwe tena!"

Mkungu ukauzwa, ukaondoka. Mwisho wa benchi ukabaki wazi, na Anande, aliyekuwa amenunua jogoo, akamfunga pale. Ndipo Skolastika akafika, akamfungua jogoo, akambana kwapani, akashika njia.

"Mama wee, mwizi wa kanisani!" Anande alipiga kelele.

"Mwizi ni nani? Nimeambiwa kilichopo mwisho wa benchi!"

"Uliambiwa jogoo?"

"Sikuambiwa ni nini. Niliambiwa beba!"

Watu walicheka mpaka mchungaji akageukia ukutani. Eliamini alicheka nao, kisha kicheko kikamkatika. Skolastika hakuwa na kosa. Anande hakuwa na kosa. Thomasi ndiye aliyerudisha nafasi huku mtu aliyemwita bado yuko njiani. Draiva ilikuwa inarudisha nafasi, kadi haijaambiwa lolote. Nafasi inapewa kazi nyingine, kadi inafika imechelewa na kumwaga mzigo wake juu ya mali ya mwingine.

Akarekebisha. Draiva ikichoka kungoja, kwanza imwite kadi arudi, imngoje mpaka aseme nimeacha, ndipo nafasi irudishwe. Mistari michache. Akaituma kwa mafundi wa nje, na safari hii walijibu upesi: asante, tumeipokea, itaingia kwenye toleo lijalo. Shamsudin alinunua soda.

Lakini soda ya Eliamini ilibaki imejaa. Alikuwa ameshaufungua wimbo. Hakukuwa na mkwaruzo tena, hakukuwa na kuganda. Hanna aliimba ubeti wa kwanza safi kama asubuhi, na mwanzoni mwa wa pili kwaya ya Dismasi ikaingia na kinanda chake, ikaendelea mpaka mwisho. Akaurudia. Palepale. Akaurudia. Palepale. Siku ile ya kunakili, kadi ilikwenda kuchukua sauti ya mama mahali ilipoachwa, ikakuta pameshawekwa ya Dismasi, ikaichukua ikaiandika. Na tepu alikuwa ameirudisha kwenye boksi kwa mkono wake mwenyewe.

Shamsudin, aliyeyasema haya tangu mwanzo, alizima feni tu.

Eliamini aliunakili wimbo kwenye kaseti, akaibeba mpaka Meru. Mama yake aligusa sikio, naye akaiweka kaseti kwenye redio, akabonyeza.

Ubeti wa kwanza ukajaa nyumba nzima. Angel, aliyepanda naye, alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Hanna alifumba macho, kidole kikihesabu mapigo juu ya goti, na wimbo ulipokatika alikuwa ameshavuta pumzi ya ubeti wa pili. Akafungua mdomo. Ikatoka hewa shingoni, kwenye kibomba, ikapiga mluzi kidogo na kunyamaza.

Kwaya ya Dismasi ilikuwa inaendelea kwa furaha nyingi.

Eliamini akanyoosha mkono kuzima. Mama yake akamshika kifundo, akaukandamiza mkono ule mezani, wala hakumtazama. Kwa mkono mwingine alivuta kitenge akafunika shingo. Wakakaa hivyo, wakawasikiliza watu wa Ngaramtoni mpaka walipomaliza.