Wingu Lililotutoa Darasa la Kifaransa

Juzi kwenye kundi letu la simu la waliosoma pamoja, mwenzetu mmoja alituma sauti yake akihesabu kwa Kifaransa. Alifika kumi na sita, akakwama. Tulimcheka sana, na hakuna aliyeweza kumwendeleza. Basi ngoja nikueleze somo lile lilivyokufa, maana mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka mlangoni.

Skuli yetu ilikuwa kijijini Ole. Mwalimu wa Kifaransa alitoka Unguja, kijana mpole, akitufundisha mchana baada ya masomo mengine, wakati harufu ya muhogo wa nazi ikitutesa kutoka nyumba za jirani. Somo lilikuwa la majaribio. Mkaguzi angekuja kutusikiliza: akiridhika, linaendelea, asiporidhika, Mwalimu anarudi kwao. Mwenyewe alituambia wazi, na kwa wiki nzima tulijifunza mazungumzo ya sokoni mpaka ndimi zikachoka.

Mkaguzi akaja msimu wa karafuu, zimeanikwa juu ya majamvi kila uwanja. Kwetu wakati ule, wingu likitanda huulizi karafuu za nani. Unakimbia kuanua, kwa sababu zikirowa zimeharibika.

Nilikuwa nimesimama mbele, nauza samaki kwa Kifaransa, mara darasa likaingia giza. Nje, kutoka uwanjani kwake jirani na skuli, nikamsikia bibi yangu:

"Nyie watoto! Mvua yaja, mwangoja nini?"

Hakuna aliyeomba ruhusa. Niliwaacha samaki wangu hapohapo, na darasa zima likanifuata. Tulianua za bibi, tukahamia kwa jirani, tukaenda kwa jirani wa pili. Nilipoinua kichwa, Mwalimu naye alikuwa kakunja mikono ya shati, kabeba jamvi, yeye ncha hii na bibi ncha ile.

"Ahsante mwanangu, Mungu akuweke," bibi akamwambia.

Mvua yenyewe haikunya. Tuliporudi, mkaguzi alikuwa peke yake darasani, anaandika. Mwezi haukwisha, barua ya uhamisho wa Mwalimu ikafika.

Chumba kile siku hizi kinawekwa madawati mabovu. Karafuu nazo huanikwa kwenye maturubai, na wingu likitanda kila mtu huanua zake, akaingia ndani. Sisemi ni vibaya. Ndivyo ilivyo.

Siku ya kuondoka, Mwalimu alipita nyumbani kumuaga bibi. Bibi akamfungia mkate wa kumimina. Mwalimu akaniulizia. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo, nikaona haya.

"Hayupo," bibi akasema, na alijua nipo.

"Basi nisalimie. Mwambie asiache kusoma."

Nikasikia viatu vyake vinapotea njiani. Kukimbia sijutii; wingu likitanda tena, nitakimbia tena. Lakini sikutoka kumuaga, na hilo linaniuma mpaka leo.