Tenga Lenye Mlango

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori ya Dar yalipopanda Lushoto kugombea nyanya na plamu zetu, mimi nilikuwa na wazimu mmoja tu: nguruwe wangu jike. Uzao wake wa kwanza ulikwisha wote kwenye baridi ya Julai. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akasema, "Na wengine wakifa, huyu anakwenda bucha." Nilimchukia siku nzima.

Kosa lilikuwa langu. Niliwasha jiko la mkaa bandani, nikaziba kila upenyo kwa magunia. Mama mtu, na mafuta yake yote yale, akahema kwa joto, akainuka, akalala, akainuka tena, akawalalia watoto. Mkaa ulipozimika, waliobaki wakafa kwa baridi. Gunia zima la mkaa nililolipandisha mlimani kwa kichwa changu liliteketea bure!

Mimba ya pili ilipokuwa kubwa, paka wetu alizaa ndani ya tenga bovu nyuma ya nyumba, kwenye majani makavu ya mgomba. Nikaingiza mkono. Lo! Joto kama la ugali ulioepuliwa sasa hivi, na moto hakuna! Nilipiga kelele peke yangu. Mama abaki na ubaridi wake, watoto wapate kijumba chao wapashane joto wenyewe!

Nikakimbia kwa jirani, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akisuka matenga ya nyanya kwa mianzi.

"Shikamoo, baba. Naomba tenga kubwa, lenye mlango ubavuni."

"Marahaba, mwanangu. Mlango? Nyanya zako zinatoka kutembea?"

Niliona haya kumtaja mnyama yule mbele yake. "Si la nyanya, baba."

Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Nimeelewa. Likishatoka hapa lisirudi."

Kesho yake alinipa tenga lililobanwa kuliko la mteja yeyote. "Upepo haupiti hapo," alisema. "Watoto ni watoto."

Nililipindua pembeni mwa banda, nikaweka fito za kumzuia mama asilikanyage, nikajaza maranda na majani ya mgomba. Magunia nikayang'oa, hewa ipite.

Walizaliwa kumi na mmoja, asubuhi ya ukungu mzito. Siku hiyo sikupika. Mama alijinyoosha akalala kwa raha zake. Akiguna, pua zinachomoza mlangoni, wananyonya, kisha wanarudi ndani wenyewe, bila kusukumwa! Nilicheza ngoma bandani na mabuti yangu.

Asubuhi ya tatu mume wangu alikuja, kajifunga koti hadi shingoni. Alipiga magoti kwenye maranda, akaingiza mkono mlangoni hadi begani. Nilibana pumzi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Kumi na mmoja," alisema, na mkono akauacha humohumo. Kisha akaniuliza, taratibu, mama yao anapenda kula nini.