Pampu Iliyopuliza Baridi

Sikuiamini ile pampu ya joto tangu winchi ilipoipandisha paani. Nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa tano pale Al-Murabba, Riyadh, na maji ya moto yalikuwa jukumu langu. Hita za zamani nilizijua moja moja kwa sauti zake. Sasa zilikuwa zimeng'olewa zote, na fundi Mmisri alisema sanduku moja litapasha maji ya jengo zima kwa umeme kiduchu, bila kuchafua hewa. Anayefanya kazi nyingi kwa kula kidogo mimi humtilia shaka, hata awe binadamu.

Ikama yangu, kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, ilikuwa inakwisha mwezi ule. Bosi, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini anayekihuisha, alininyooshea kidole. "Hii ghali. Ikiharibika, wewe halas, Kenya."

Basi nikawa naipandia kila adhana ikilia. Asubuhi ya pili, baridi ya Januari ikiuma masikio, niliweka kiganja mbele ya feni yake. Ilipuliza baridi kama friji iliyoachwa wazi. Mashine ya joto, inatoa baridi! Nikajua tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na lawama nitabebeshwa mimi. Nikaizima.

Kufikia saa nne wapangaji walikuwa wamejaa ngazini. Madam wa ghorofa ya tatu, aliyejifungua juzi tu, alinitazama kama mwizi. "Maji moto mafi, hakuna! Mtoto ataoga nini?" Nikamwambia mashine ni mbovu, nikampigia bosi.

Bosi alikuja na fundi. Fundi akaiwasha, akacheka mpaka akakohoa. Inanyonya joto lililomo hewani, alinieleza, inalitia kwenye maji, na hewa iliyobaki baridi inaitupa nje. Ikipuliza baridi ujue ni nzima.

"Nani amezima?" bosi akauliza.

"Mimi, bosi. Niliogopa itanifia mikononi."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alimwambia fundi afunge swichi kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Kisha fundi akamwonyesha bosi kwenye simu jinsi atakavyoichunga pampu mwenyewe, hata akiwa safarini Jeddah.

"Na ikama yangu, bosi?"

"Inshallah," alisema, macho yakiwa kwenye simu.

Nimeishi huku miaka sita. Inshallah ya kukubali naijua, na ile nyingine naijua pia. Nilishuka chumbani, nikavuta begi chini ya kitanda, nikaanza kukunja nguo.