Maji Inatembea

Wiki hii nilimsindikiza dada yangu mkubwa, muuza samaki, kwa daktari hapa Bunia. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na tulibeba picha za mashine ya sumaku, yaani MRI, alizopigwa Kampala.

Daktari alizitazama, akavua miwani. "Mama, mashine iliangalia namna maji inatembea mu ile kivimbe. Kama ni kansa, chembe za mwili zinabanana, maji inakosa njia. Kwako inatembea bien, muzuri kabisa. Haiko kansa."

"Inatembea?"

"Inatembea, mama."

Dada alimkumbatia, akatoka akicheza mpaka kwenye korido, na wagonjwa wasiojua lolote wakampigia makofi.

Mimi ninayeishi kwa maneno nilikuwa nimetayarisha mengi ya kumfariji. Sijawahi kufurahi hivi kukosa pa kuyatumia.