Kompyuta Iliyompisha Mzee Chilumba

Niliingia kazini nikiamini kwamba kompyuta ya muziki inaona miguu ya watu. Msinicheke bado. Aliyeniambia ni Fundi Mkuu mwenyewe, siku yangu ya kwanza pale Masasi, na mtu akishaitwa Fundi Mkuu, mimi niliyemaliza masomo ya jioni juzijuzi ni nani nimbishie? Alinionyesha kitundu kidogo juu ya kioo cha laptopu, akakigusa kwa ncha ya kalamu.

"Unakiona hiki? Ndilo jicho lake. Linatazama miguu ya wachezaji. Likiona wamekolea, linakata ngoma. Likiona wanakaribia kufa kwa hamu, linairudisha."

"Na kukiwa na vumbi, Fundi?"

"Ndiyo maana tunalifuta."

Basi nikalifuta. Nililifuta jicho lile kila shughuli, tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, kwa kitambaa laini nilichokikata pembeni mwa kanga ya mke wangu. Yeye anadhani ni panya. Na sikuishia kufuta. Kila nilipopiga muziki nilikigeuza kioo kiwatazame watu, ili jicho lione vizuri, nami nikasimama nyuma ya kompyuta, nimeinama kwa juu kama twiga anayekunywa maji, nabonyeza vitufe kichwa chini. Shingo yangu ya leo mnayoiona imepinda, haikupindwa na uzee. Ni ya kikazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vyombo. Kwetu ukisema vyombo, watu hawafikirii masufuria. Wanajua ni spika, waya, miksa na jenereta. Miksa ni ule ubao wenye vitufe vya kuzungusha, ambao kila sauti hupita ikapimwa kabla ya kutoka. Amplifaya ndiyo huikuza sauti, ikaipa nguvu ya kuangusha bati. Mwenye mali alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Vyombo, mjane mwenye sauti ambayo haikuhitaji amplifaya. Siku ile ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitwisha spika ambayo naapa ilikuwa na uzito wa ng'ombe mwenye mimba.

Muziki wa kompyuta ulikuwa ndio umeingia kwetu kwa kishindo. Sizungumzii bendi zenye magitaa na tarumbeta. Nazungumzia ule ambao ngoma yake hakuna mbuzi aliyechunwa kwa ajili yake: mtu amekaa Dar na kinanda chake, anaunda mdundo, anaurudiarudia, anaukimbiza mpaka unafanana na cherehani iliyopagawa. Mara ya kwanza kuusikia kwenye spika kubwa, korosho niliyokuwa natafuna ilisahaulika mdomoni. Sikuamini kama jambo lisilo na mkono wa mtu linaweza kunitikisa mbavu hivyo.

Lakini mhitimu huuliza maswali. Baada ya muda niliona kwamba nyimbo zote zina njia moja. Mdundo unaanza peke yake, vinaongezwa vikorombwezo kimoja baada ya kingine, halafu besi inaondolewa ghafla. Inabaki sauti nyembamba inayopanda, inapanda, inapanda. Hapo tulipaita pumzi. Kisha besi inarudi na uwanja mzima unaruka.

"Fundi, kila wimbo ni hivihivi?"

"Kila wimbo."

"Na watu hawachoki? Si wanajua kitakachotokea?"

Fundi Mkuu alinitazama kwa huruma. "Wewe ugali unakuchosha?"

"Hapana."

"Umewahi kupewa ugali ukashangaa ni wa duara?"

"Hapana, Fundi."

"Unauliza nini ukikaa chini?"

"Nauliza mboga."

"Haya. Kurudiarudia ni ugali. Ubunifu ni mboga. Asiye na ugali, mboga ataichovya na nini?"

Nimesoma historia, nimesoma jiografia, nimesoma mpaka mito ya nchi ambazo sitazifikia, lakini sikuwahi kufundishwa somo likanikaa kama hilo.

Kituo changu cha pili kilikuwa Lisekese, nikiwa mpanga waya, na cha tatu Lupaso, ambako nilikabidhiwa miksa. Ni huko nilikofanya ubunifu wangu wa kwanza. Ilikuwa harusi, saa za alasiri, msimu wa mabibo, watu wamechangamka na uraka, pombe yao ya mabibo. Pumzi ilipofika, nikaifunga besi kwa kidole, na wakati wa kurudi ulipowadia sikuifungua. Nikaishikilia kidogo tu, kama mtu anayemnyima mtoto embe. Watu walikuwa wamekwisha kuruka! Miguu iko juu, chini hakuna ngoma. Nilipoachia, wazee waliokuwa wamekaa tangu asubuhi waliinuka na viti vyao. Vumbi lililopanda siku ile lilitua kesho yake. Nilisimama nimeduwaa, kidole bado kiko kwenye kitufe. Kumbe mtu hushtuka kwa raha palepale alipokuwa amepangoja.

Sifa zikapanda mlima kabla yangu. Mama Vyombo akanipandisha cheo, nikawa Fundi Mitambo wa upande wa Newala. Huko juu kuna baridi ya asubuhi na ukungu, maji yanafuatwa mbali, na ngoma inapigwa na watu wanaojua. Ndipo nilipokutana na Mzee Chilumba wa Kitangari.

Mzee Chilumba alikuwa fundi wa vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu mmoja unaochomekwa ardhini. Wari wakitoka likumbi, yaani watoto waliomaliza jando, hakuna aliyethubutu kuwatoa bila mikono yake. Vijana wa kijiji walitaka muziki wa kompyuta siku ya kutoka. Wazee walikataa, wakabishana, mwisho wakakubali kwa sharti moja: vyombo vijaribiwe mara moja. Vikizimika mbele ya wari, ni mkosi, na havitapanda tena kwenye sherehe ya jando katika vijiji vyao. Mama Vyombo alikuja mwenyewe kusimamia.

"Baba Zawadi," aliniambia huku akijifunga kanga kiunoni, "sauti ikikatika leo, huku juu tumekwisha. Na wewe unarudi Masasi kubeba spika."

Nikaikumbuka ile spika ya uzito wa ng'ombe. Nikalifuta jicho mara mbili.

Asubuhi nzima nilijaribu vyombo kwa wimbo mmoja uliopendwa sana mwaka huo. Mzee Chilumba alikuwa upande wa pili wa uwanja, anapasha ngoma zake kwenye moto wa nyasi ili ngozi zikaze. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, njomba. Hicho kisanduku chako kinajua wimbo mmoja tu?"

"Ni ule ule, Mzee, lakini unabadilikabadilika."

"Unabadilika kama nyumba inayopakwa chokaa. Milango iko palepale."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kinganga motoni. Nikajitetea kwamba kompyuta ina jicho, inawaona watu. Akatikisa kichwa. "Basi iambie na mimi inione."

Wari walitoka mchana, wamenyolewa, wanameta mafuta, nguo mpya zina mikunjo ya dukani bado. Mama zao wakapiga vigelegele. Nikauachia ule wimbo. Mdundo ukajenga, akina mama wakaingia katikati na kanga zao, viuno vikafuata, uwanja ukawa kama sufuria la mchele linalochemka. Ikafika pumzi. Besi ikatoka, sauti nyembamba ikaanza kupanda.

Halafu nayo ikanyamaza.

Kimya. Mimi nimeinama juu ya kompyuta, mgongo nimeipa amplifaya, nalitazama jicho kwa juu. Kwenye kioo ule mstari unaoonyesha wimbo ulipofika ulikuwa unatembea kama kawaida. Nikajua iko hai, ila inafikiri. Nikabonyeza huku, nikazungusha kule, hakuna kitu. Akina mama walikuwa wamenyanyua mguu mmoja mmoja, wanangoja. Wari wanangoja. Niliona wazee wawili wanaanza kuinuka vitini, na nyuso zao hazikuwa za kucheza. Masasi yote ilipita mbele ya macho yangu, na kila nyumba ya Masasi ilikuwa na spika ya kubebwa.

Na hapo, mahali hasa ambapo besi ingerudi, mahali ambapo hata mimi kidole changu kingeachia, kinganga kikalia.

Mzee Chilumba! Wenzake wakamfuata na ngoma kubwa. Ile miguu iliyokuwa hewani ikatua kwa pamoja, ardhi ya Kitangari ikaitika. Hakuna aliyejua kwamba kuna kilichoharibika. Walidhani tumepanga. Alipiga kwa mwendo uleule, hakuukimbiza, hakuuvuta, na juu ya ule ugali akawa anaweka mboga zake, pigo hapa, kimya kidogo pale, mpaka nikasahau kwamba nimo kazini. Nywele zilinisimama, nami hata wakati huo nilikuwa na kipara.

Kisha spika zikaunguruma, wimbo ukarudi. Wallahi, ulirudi juu ya vinganga kama kifuniko kinavyokaa juu ya chungu chake! Besi na ngoma kubwa vikagonga pamoja. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Vigelegele vilivyopigwa, naamini Masasi walivisikia wakadhani ni mvua. Nililia. Wazee waliokuwa wameinuka waliingia kucheza, na jioni walimwambia Mama Vyombo aje na mwakani.

Nilimfuata Mzee akiwa anakunywa maji. "Mzee, ulijuaje pa kuingia?"

"Njomba, umeupiga wimbo huo tangu asubuhi. Hata mbuzi wa hapa wanajua pa kuingia."

"Na kompyuta ilivyokupisha, uliiona?"

Akanitazama, akapangusa ndevu, akacheka. Nikachukulia kwamba amekubali.

Tangu hapo habari ile niliisimulia kwenye kila kituo. Nilieleza jinsi jicho lilivyomwona mzee mwenye heshima zake ameshika kinganga, kompyuta ikanyamaza kwa adabu, ikamwachia uwanja, ikamsikiliza alivyokuwa akienda, kisha ikaomba ruhusa na kurudi kwa mwendo wake. Watu walitikisa vichwa. Mzee Chilumba alitoa wari wengi baada ya hapo, na kila mara vyombo vyetu na ngoma zake vilikaa uwanja mmoja. Ametangulia mbele ya haki sasa. Vinganga vyake anavipiga mwanawe.

Nami nimestaafu. Sikio la kushoto lilistaafu kabla yangu, kwa hiyo mkija kunisalimu kaeni kulia. Vijana huniuliza kama sikuchoka kusikia nyimbo zinazojulikana mwisho wake. Nawajibu kwamba jua la Newala nalo najua litachomoza wapi, na bado nikitoka nje ukungu ukiwa unafunguka, nasimama.

Siku ya kuniaga, Mama Vyombo alikaanga korosho, akapika na ming'oko, ile mizizi ya porini. Nikamkabidhi kompyuta fundi mpya, Mwajuma wa Lupaso. Akaiweka mezani, akageuza kioo kimtazame yeye.

"Mwanangu, geuza!" nikamwambia. "Itawaonaje watu?"

Mwajuma akamtazama Mama Vyombo. Mama Vyombo akaacha kubangua korosho.

"Baba Zawadi. Miaka yote hii ulikuwa unainama kwa sababu hiyo?"

"Sasa jicho lingemwonaje Mzee Chilumba, likampisha?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajipangusa macho na kanga, akavuta kiti karibu nami, upande wa sikio zima, akasema polepole.

"Fundi Mkuu alikutania. Ile ni kamera ya kupigia picha, tena haijawahi kuwashwa. Siku ile Kitangari mama wa mwari mmoja alijikwaa kwenye waya, plagi ikachomoka, amplifaya ikazima. Kompyuta ina betri, kwa hiyo wimbo uliendelea kwenda mle ndani kimyakimya, na mimi nilipochomeka plagi ukatokea pale ulipokuwa umefika. Haukumwona mtu, haukumngoja mtu. Mzee ndiye hakupotea."