Gota kwa Wakwe

Sipendi kuambiwa mtoto anauma "bila sababu". Nikisikia hivyo, damu hunichemka. Kazi yangu hapa Nyeri ni kusaidia watoto ambao tabia zao zimewashinda watu, na sijawahi kukutana na tabia isiyo na sababu. Watu wazima wasioangalia, hao nimekutana nao wengi.

Basi nikaitwa Gakindu, nyumbani kwa nyanya mmoja mkulima wa kahawa, mkali kama pilipili. Mjukuu wake, msichana mdogo ambaye bado hakuwa anasema, alikuwa akiuma wageni. Alishauma jirani, alishauma mwalimu wake, hata pasta hakupona. Ruracio ya kitinda mimba wa nyanya ilikuwa inakaribia, ile siku ya wakwe kuleta mahari, na nyanya alikuwa amekata shauri: mtoto akiuma mkwe hata mmoja, anapelekwa shule ya bweni, mbali. Sanduku la bati lilikuwa tayari limenunuliwa, limewekwa kando ya mlango. Mama ya mtoto alinionyesha lile sanduku, kisha akaanza kulia.

Nikakaa sebuleni siku kadhaa, nakunywa chai na kuangalia. Nyanya akaudhika. Aliniuliza kama kweli kuna watu huenda chuo kusomea kukaa. Nikamwambia ndiyo, na mimi nilipita vizuri sana.

Mtoto hakuuma wenzake. Hakuuma hata mbuzi aliyemnyang'anya ndizi. Aliuma wageni tu, tena pale mlangoni. Kwetu mgeni akiingia humpa kila mtu mkono, wakubwa kwa wadogo, na mkono wenyewe hauachiliwi haraka. Unashikwa, unatikiswa, huku habari za mvua na za ng'ombe zikiulizwa mpaka ziishe. Mtoto alijivuta, nyanya akamrudisha asalimie mgeni. Akajivuta tena, akarudishwa tena. Ndipo akauma, na papo hapo mkono ukaachiliwa. Jamani, hata mimi ningeuma! Alikuwa ameomba kwa adabu kwanza, hakuna aliyemsikia.

Nikamtafutia njia nyingine ya kuomba: gota. Ngumi kwa ngumi, mara moja, imekwisha. Tulifanya mazoezi tukicheza, na kila akigota nilimwacha aende zake. Alishika upesi. Shida ikawa wakubwa. Mgeni anaona ngumi, anacheka, anaifungua kidole kwa kidole, halafu anautikisa mkono kama alivyozoea. Akaumwa, na alistahili. Nyanya naye akasema gota ni salamu ya makanga wa matatu, haiwezi kuingia katika nyumba yenye heshima.

Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Shosho," nikamwambia, "mtoto nimemaliza. Mgonjwa aliyebaki ni wewe."

Mama ya mtoto akajiziba mdomo. Nikaanza kutafuta mkoba wangu kwa macho, maana nilijua nimefukuzwa. Nyanya akamwita mjukuu wake. Mtoto akaja amekunja ngumi. Nyanya akaigusa kwa ngumi yake, akaiacha. Nilitarajia mtoto akimbie, kama alivyomkimbia kila mtu. Hakukimbia. Aliegemea goti la nyanya yake, akatulia hapo.

Siku ya ruracio wakwe waliingia na nyimbo zao. Mzee aliyewaongoza, kofia kichwani na bakora mkononi, alifika kwa mtoto akanyoosha kiganja. Mtoto akatoa ngumi. Mzee akacheka, akainama kuifungua.

"Mzee," nyanya akasema, na nyimbo zikanyamaza, "huyu hapa kwangu anasalimiwa hivi. Kunja mkono."

Mzee akakunja. Wakagota. Na nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, akina mama wa vilemba na wazee wa makoti wakakunja mikono yao, wakagota na mtoto wetu. Hakuumwa mtu. Nilipiga vigelegele kwa nguvu, mimi ambaye hata si wa ukoo, na sikuona haya hata kidogo.

Nilirudi baadaye kuwajulia hali. Mtoto alinipokea mlangoni kwa gota. Sanduku halikuwepo, nikamuuliza nyanya limeenda wapi.

"Liko stoo," akasema. "Nimetia maharagwe."