Salamu za Kumpelekea Rukaiya

Mwanaheri hakai. Akikaa kibarazani, mguu unatikisika. Akiinuka, anasahau alichoinukia. Mwanamke aliyepika harusi za nusu ya Tandika, asiyetetemeka mbele ya sufuria la pilau, alikuwa akitetemeshwa na simu.

Sababu ni mjukuu. Mwanawe Talha alikwenda Uingereza, akaoa huko, akazaa huko, na Mungu akamchukua huko huko. Aliacha binti mmoja, Rukaiya, jina la mama yake Mwanaheri, na Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mwanaheri alipoomba mtoto aletwe likizo, mkwewe hakukataa. Alijibu tu kwamba mtoto mwenyewe hataki: atakaaje na watu asioweza kuzungumza nao? Akitaka, atapanda ndege. Asipotaka, hatasukumwa.

Zamani mtoto hakuulizwa kama anataka kumwona bibi yake. Lakini zamani imekufa, wala haikuzikwa kwa heshima.

Basi Mwanaheri akaanza kujifunza Kiingereza. Monica, mpangaji wake wa chumba cha uani, alimwekea kwenye simu masomo ya bure ya mzungu mmoja mwenye upara, anayefundisha huku akitabasamu kama anauza sabuni. Mwanaheri alimsikiliza akimenya vitunguu, akifua, akisubiri wali ukauke. Alipokosea zoezi, simu ililia kama kifaranga; alipopatia, ilirusha nyota. Nyota alizichukia. "Mie mtoto?" aliiuliza simu. Lakini hakuacha, na miezi ilipopita akawa anaunga sentensi zake mwenyewe.

Akaandika barua. Aliiandika kama barua zilivyokuwa zikiandikwa: hujambo, mama hajambo, umeamkaje, nyumba imeamkaje, sisi huku wazima, hofu ni kwenu. Akaitia kwenye mtandao wa kusahihisha Kiingereza. Yote ikawa nyekundu. Hili umelirudia, futa. Hili halina kazi, futa.

"Fupisha tu, mama," alisema Monica. "Siku hizi mtu akiona maneno mengi anapita."

"Salamu ndiyo maneno mengi?"

"Kwa sie wa siku hizi, ndiyo."

Akafuta. Ikabaki mistari michache, safi, haina kosa, kama tangazo la kukatiwa maji: njoo likizo, nafasi ipo, bibi yako. Akaituma.

Jibu lilikuwa neno moja: sawa.

Sawa ya nini? Ya nitakuja, au ya niache? Alizunguka na neno hilo mchana kutwa, mpaka akaunguza maandazi ya watu, jambo ambalo Tandika haikuwahi kulisikia.

Kesho yake akavaa baibui akatoka. Kwao zamani, barua haikuwa ya mtu mmoja. Ukisikika unaandika, jirani anakuja na salamu yake umtilie, na barua ya kwenda Kilwa ilibeba mtaa mzima. Sasa ilibidi yeye ndiye agonge milango. Kijana mmoja hata hakutoa vidude vyake masikioni. Jirani mwingine, aliyemwona Talha akitambaa, alisema, "Mwambie hai." Hai! Mbuzi ana salamu ndefu kuliko hiyo.

Asifiwe muuza mboga alijitahidi: "Mwambie mchicha unamsubiri, ajenge mwili."

Lakini ni Nurdin, fundi baiskeli wa pale kando ya msikiti, aliyeacha kazi akainua kichwa.

"Mtoto wa Talha? Mwambie baiskeli yake ninayo. Breki haina, ila kengele inasikika mpaka Buguruni."

"Nurdin, sitaki masihara. Naandika kwa Kiingereza."

"Basi na kengele iandike kwa Kiingereza, dada."

Aliziandika salamu zote, pamoja na zile alizozifuta mwanzo. Safari hii hakumpa msahihishaji. Makosa yalikuwemo, na mengine aliyaona, maana yule mwenye upara alimfundisha vizuri. Akatuma kabla moyo haujageuka.

Alichungulia simu akikoroga uji, akaichungulia akifagia, nusura aichungulie kwenye sala. Alimgombeza Monica bure, akamwomba radhi, akamgombeza tena.

Jibu lilipokuja lilikuwa refu. Rukaiya alijibu salamu moja moja, kama mtu anayerudisha vyombo vya shughuli: ameamka salama, mama yake mzima, na nyumba nayo imeamka, ingawa hakujua kwamba nyumba hulala. Mchicha ni nini? Na mwisho kabisa: mwambie Nurdin aweke breki kabla sijaja.

Mwanaheri alitoka huku anajifunga mtandio. Nurdin alikuwa anakunywa kahawa.

"Baiskeli iko wapi?"

"Baiskeli gani, dada?"

"Ya mjukuu wangu."

Nurdin alicheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikakatika. Akanyoosha kidole kwenye lundo la vyuma. Ilikuwepo fremu moja imeliwa na kutu, haina gurudumu la mbele. Kengele ilikuwepo kweli.

"Inuka," alisema Mwanaheri. "Twende Buguruni tukatafute breki."

"Na gurudumu je?"

"Na gurudumu. Inuka, Nurdin, mtoto anakuja."